Chandarua kipi kwa mbu sugu? Ulinganisho wa aina nne za vyandarua vyenye dawa

Vitandaze vyandarua vinne vipya sakafuni, hutaona tofauti ya maana. Vyote vimefumwa kwa nyuzi nyembamba, vyote vinatundikwa juu ya kitanda kwa namna ileile, na vyote vimetengenezwa ili dawa yake istahimili kufuliwa mara 20 na kutumika kwa miaka 3. Tofauti imo ndani ya uzi. Kimoja kina pairethroidi (kundi la dawa za kuua mbu) peke yake, cha pili kina pairethroidi na PBO (kiambato kinachoisaidia pairethroidi), cha tatu pairethroidi na piriproksifeni, cha nne pairethroidi na klorfenapiri. Pale ambapo mbu bado wanakufa kwa pairethroidi, vyote vinne vitawalinda waliolala. Lakini mbu wa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara wameshakuwa sugu, na hapo kuchukua chochote kilicho karibu bila kusoma lebo ni kumwachia mtoto bahati nasibu.

Jibu kwanza, sababu zitafuata. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua chenye klorfenapiri. Kisipopatikana, chukua chenye PBO, ukijua kwamba nguvu yake ya ziada huanza kupungua mapema. Cha piriproksifeni kinakuja nyuma ya hivyo viwili. Cha pairethroidi pekee kibaki kwa maeneo ambayo vipimo vimeonyesha mbu hawajawa sugu, au pale ambapo kukikataa maana yake ni kulala bila chandarua kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekea hukohuko Machi 2023: lilitoa pendekezo thabiti kwamba vyandarua vya klorfenapiri vitumike badala ya vile vya pairethroidi pekee palipo na usugu, na pendekezo lenye masharti kwamba vitangulizwe mbele ya vya PBO.

| Aina | Dawa ya pili inamfanya nini mbu | Baadhi ya majina yake | Mahali inapolegea |
|---|---|---|---|
| Pairethroidi pekee | Hakuna dawa ya pili | Olyset, PermaNet 2.0, Interceptor | Mbu sugu anatua, anapumzika, anaruka akiwa hai |
| Pairethroidi + PBO | Inafunga vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuvunja dawa | Olyset Plus, PermaNet 3.0, Veeralin | PBO hupungua kabla ya chandarua kuchakaa. Haigusi usugu wa neva |
| Pairethroidi + piriproksifeni | Haiui. Inamharibia uzazi mbu jike | Royal Guard | Mbu anaweza kumuuma mtu kabla ya kuathirika |
| Pairethroidi + klorfenapiri | Inakata uzalishaji wa nishati ndani ya seli | Interceptor G2, PermaNet Dual | Inaua polepole, hivyo watu hudhani haifanyi kazi |

Soma majina hayo tena. Kati ya Interceptor na Interceptor G2 kuna herufi moja na tarakimu moja tu, lakini kwa mbu sugu ni vyandarua viwili tofauti kabisa. Ndivyo ilivyo kwa Olyset na Olyset Plus. Jina la biashara lisikutoshe: tafuta lebo iliyoshonwa kwenye pindo na usome viambato. Utakuta vimeandikwa kwa tahajia ya kigeni: permethrin, deltamethrin na alpha-cypermethrin zote ni pairethroidi, chlorfenapyr ndiyo klorfenapiri, pyriproxyfen ndiyo piriproksifeni, PBO huandikwa hivyohivyo au piperonyl butoxide. Ukiona kiambato kimoja tu, hicho ni chandarua cha pairethroidi pekee, hata kama pakiti inasema ni toleo jipya.

Usugu umekaaje

Bila kuelewa mbu anaikwepaje dawa, ulinganisho huu unakuwa wa kukariri. Pairethroidi hushika milango ya sodiamu kwenye neva za mbu na kuizuia isifunge. Neva zinafyatuka mfululizo, mbu anatetemeka, anaanguka, anakufa. Mbu ana njia kuu mbili za kuponyoka.

Ya kwanza ni kubadilika kwa mlango wenyewe. Mabadiliko ya jeni yanayoitwa kdr yanaigeuza sehemu ambayo dawa ilikuwa ikishika, na dawa inakosa pa kukamata. Hii imeenea sana kwa Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wakuu wanaoeneza malaria Afrika.

Ya pili ni kuivunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Mbu anatengeneza kwa wingi vimeng'enya vya kundi la P450, ambavyo vinaisaga pairethroidi kama vile ini la binadamu linavyosaga dawa tunazomeza. Anopheles funestus, mbu mwingine mkuu wa malaria, ana nguvu kubwa kwa njia hii. Huyu ndiye mbu anayependa kuingia ndani, kumuuma binadamu na kupumzika ukutani.

Iko na ya tatu, ngozi ya nje kuwa nene kiasi kwamba dawa inapenya kwa shida. Mara nyingi mbu mmoja ana zaidi ya njia moja, na ndiyo maana kuongeza tu kipimo cha pairethroidi hakujatatua tatizo.

Mfano mmoja wa zamani kidogo unaonyesha ukubwa wa pengo. Nchini Benin, katika vibanda vya majaribio, vyandarua vilivyotiwa pairethroidi vilipimwa mahali pawili na matokeo yakachapishwa 2007. Malanville, kaskazini, ambako mbu walikuwa bado hawajawa sugu, asilimia 98 ya mbu walioingia walikufa. Ladji, kusini, kwenye mbu wenye kdr kwa wingi, walikufa takriban asilimia 30 tu. Kubwa kuliko vifo ni kunyonya damu: Malanville chandarua kilizuia karibu mbu wote wasinyonye, Ladji hakikuzuia.

PBO dhidi ya klorfenapiri

Hapa ndipo uamuzi wa kweli ulipo, kwa hiyo tukae hapa.

PBO yenyewe si sumu ya mbu kwa kipimo kilichomo kwenye chandarua. Kazi yake ni kuvifunga vile vimeng'enya vya P450 ili pairethroidi ifike kwenye neva ikiwa nzima. Kwa hiyo chandarua cha PBO bado kinategemea pairethroidi kuua. Ikiwa usugu wa eneo lako unatokana hasa na vimeng'enya, utaona mabadiliko makubwa. Ikiwa unatokana hasa na kdr, PBO itaisafishia pairethroidi njia hadi kwenye mlango ambao haishiki tena.

Klorfenapiri inafuata njia nyingine kabisa. Inaingia mwilini mwa mbu ikiwa haijakamilika kuwa sumu, kisha vimeng'enya vilevile vya P450 vinaigeuza kuwa tralopirili, na hiyo ndiyo inayoharibu mitokondria, mahali seli inapotengenezea nishati. Angalia kinachotokea: silaha ambayo mbu sugu aliijenga ili kuivunja pairethroidi ndiyo inayoiamsha klorfenapiri. Na kwa kuwa haigusi mlango wa sodiamu, kdr haimsaidii mbu chochote.

Kutokana na hapo linakuja jambo ambalo wapangaji hulisahau: PBO na klorfenapiri hazipendani. Moja inavizima vimeng'enya, nyingine inavihitaji viwe macho. Usifikirie kuvichanganya katika kitanda kimoja, kwa mfano kushona paa la chandarua cha PBO juu ya kuta za cha klorfenapiri kwa kudhani utapata nguvu maradufu. Tatizo la aina hiyo lipo pia kwa upuliziaji wa dawa-ukoko ukutani ikiwa dawa ni pirimifosi-methili, kwa sababu nayo huhitaji kuamshwa ndani ya mwili wa mdudu. Katika jaribio la Muleba, Tanzania, tutakalolieleza hapa chini, kaya zilizopata chandarua cha PBO pamoja na upuliziaji wa dawa hiyo hazikuonyesha faida ya ziada kuliko zilizopata chandarua cha PBO peke yake.

Sasa matokeo kwa watu, maana mbu kufa ndani ya kibanda ni jambo moja na mtoto kutougua ni jingine.

Muleba, kaskazini magharibi mwa Tanzania, jaribio lililochapishwa 2018 lililinganisha Olyset Plus na Olyset ya kawaida. Baada ya miezi 9, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29 kwenye vijiji vya PBO dhidi ya 42 kwenye vijiji vya pairethroidi pekee. Baada ya miezi 21 ilikuwa 45 dhidi ya 62. Uganda, jaribio lililochapishwa 2020 likihusisha maeneo 104 lilikuta asilimia 11 dhidi ya 15 baada ya miezi 6. Yaani PBO inasaidia, na hilo halina ubishi.

Kisha likaja jaribio la Misungwi, mkoani Mwanza, lililochapishwa 2022. Hili ndilo la kulisoma kwa makini kwa sababu liliweka aina zote nne kwenye mizani moja, katika eneo ambalo Anopheles funestus ndiye aliyetawala. Baada ya miezi 24, watoto wenye vimelea walikuwa:

- pairethroidi pekee: asilimia 45.8
- PBO: asilimia 40.7
- piriproksifeni: asilimia 37.5
- klorfenapiri: asilimia 25.6

Tofauti kati ya PBO na pairethroidi pekee kufikia wakati huo ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa kitakwimu; hata ya piriproksifeni haikutosha. Ya klorfenapiri ilibaki wazi. Benin nako, katika wilaya za Cové, Zagnanado na Ouinhi, jaribio lililochapishwa 2023 lilihesabu ni mara ngapi watoto waliugua malaria: kwa mwaka mmoja wa mtoto mmoja, mara 1.03 kwa pairethroidi pekee, 0.84 kwa piriproksifeni, 0.56 kwa klorfenapiri. Nchi mbili, pande mbili za bara, na mpangilio ni uleule.

Kwa nini PBO ilishuka Misungwi? Sehemu ya jibu ni matumizi: vyandarua vilichanika na watu wakaacha kuvitumia. Sehemu nyingine ni PBO yenyewe, ambayo hutoka kwenye uzi kwa kufuliwa na kwa muda haraka kuliko pairethroidi. Baada ya hapo unabaki na chandarua cha pairethroidi pekee chenye jina la PBO. Anayepanga ugawaji wa kila miaka 3 alizingatie hili: pengine mwaka wa tatu wa chandarua cha PBO hauko kwenye hesabu kabisa.

Asubuhi hakuna mbu waliokufa

Malalamiko haya husikika sana baada ya kugawa vyandarua vya klorfenapiri: "Hiki kipya hakiui." Mtu aliyezoea kufagia mbu waliokufa chini ya kitanda anaamka, sakafu ni safi, na usiku amemwona mbu akitua juu ya chandarua kisha akaruka. Anahitimisha kwamba amepewa chandarua kibovu.

Klorfenapiri haimwangushi mbu papo hapo. Anaruka, anaenda ukutani au nje, na kifo chake huhesabiwa hadi saa 72. Lakini kumbuka vimelea vya malaria huhitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu aliyemeza vimelea usiku huo akafa siku ya tatu hakupata muda wa kuambukiza. Maelezo haya yatolewe siku ya ugawaji, kwa maneno machache, na mgawaji mwenyewe. Yakichelewa, chandarua kitakuwa kimeshageuzwa kuwa uzio wa bustani.

Kosa hilohilo hufanywa maabara. Jaribio la koni, ambalo mbu huwekwa juu ya kipande cha chandarua kwa dakika 3 na kuhesabiwa waliokufa baada ya saa 24, lilibuniwa kwa dawa zinazoua kupitia neva. Ukilitumia kwa klorfenapiri utapata vifo vichache na kukikataa chandarua kizuri. Kinachofaa ni jaribio la njia ndogo iliyozibwa kwa kipande cha chandarua, ambamo mbu hukaa usiku kucha akimtafuta mnyama wa kumuuma, na vifo vinasomwa hadi saa 72. Usiku ndipo mwili wa mbu unapochemka kwa kazi, na kazi hiyo ndiyo inayoigeuza klorfenapiri kuwa sumu. Baridi nayo huipunguza nguvu, kwa hiyo chumba cha maabara kisichofikia nyuzi joto 25 kitakudanganya.

Piriproksifeni, kwa kifupi

Royal Guard ina wazo zuri: mbu asipokufa kwa pairethroidi, basi asizae. Piriproksifeni inaiga homoni ya ujana ya mdudu na kuvuruga mayai ya mbu jike aliyeigusa. Faida yake huja kwa kupunguza idadi ya mbu wa kijiji kizima, na kwa hiyo inahitaji karibu kila kitanda kiwe na chandarua hicho. Kaya moja iliyozungukwa na kaya zenye vyandarua vingine itapata kidogo tu. Kwa mnunuzi binafsi si chaguo la kwanza.

Kama unaweza kupima mbu kabla ya kununua

Familia haitapima mbu. Timu ya wilaya, mradi au taasisi yenye mabweni mengi inaweza kuomba vipimo au kuvifanya na wataalamu. Mbu jike 20 hadi 25, wenye umri wa siku 3 hadi 5, ambao hawajanyonya damu, huwekwa kwenye bomba lenye karatasi ya dawa kwa saa 1: permethrini asilimia 0.75, deltamethrini asilimia 0.05 au alfa-saipermethrini asilimia 0.05. Mabomba 4 kwa kila dawa, yaani mbu 80 hadi 100, na mabomba 2 ya karatasi zisizo na dawa. Vifo vinasomwa baada ya saa 24. Vikiwa asilimia 98 au zaidi, mbu si sugu. Chini ya 90, usugu umethibitika. Katikati ya hapo, rudia. Ikiwa kwenye mabomba yasiyo na dawa wamekufa zaidi ya asilimia 20, tupa matokeo yote. Mara nyingi sababu ni joto, ukavu wa hewa, au mbu waliokokotwa vibaya kwa mrija.

Kipimo cha kuamua kuhusu PBO ni rahisi. Mbu hukaa kwanza saa 1 kwenye karatasi ya PBO ya asilimia 4, kisha saa 1 kwenye pairethroidi. Tuseme bila PBO walikufa asilimia 35. Wakifa 92 baada ya PBO, tatizo kubwa ni vimeng'enya na chandarua cha PBO kitakupa kitu. Wakifa 41, usipoteze fedha kwenye PBO. Kwa klorfenapiri hutumika chupa iliyopakwa mikrogramu 100 za dawa ndani yake, mbu hukaa saa 1, na vifo husomwa saa 72.

Kosa linaloharibu vipimo vingi ni kukusanya mbu wakubwa wa porini bila kujua umri wao. Mbu mzee hupoteza usugu kadiri anavyozeeka. Afadhali ukusanye viluwiluwi kutoka mazalia kadhaa tofauti, uwakuze, kisha uwapime. Viluwiluwi wa dimbwi moja wanaweza kuwa watoto wa mama mmoja.

Kitambaa, ambacho usugu umekipa uzito mpya

Zamani chandarua kilichotoboka kiliendelea kulinda, kwa sababu mbu aliyekuwa akitafuta tundu aligusa dawa mara nyingi na kufa kabla hajalipata. Mbu sugu ana muda wote wa kulitafuta. Kwa hiyo usugu unapopanda, tundu moja linaumiza kuliko lilivyoumiza mwanzo, hasa kwenye chandarua cha pairethroidi pekee au cha PBO iliyokwisha.

Soko lina vitambaa viwili. Poliesta ni laini, nyepesi, inapendwa kulaliwa, na dawa hupakwa juu ya uzi. Interceptor G2 ni ya aina hii. Polietilini ni ngumu kidogo, na dawa huchanganywa ndani ya uzi ikitoka polepole kuelekea nje. Olyset na Olyset Plus ni hivyo, ikiwa na gramu 20 za permethrini kwa kila kilo ya kitambaa, na Plus ikiongezewa gramu 10 za PBO. Tofauti hii ina matokeo ya vitendo: baada ya kufua polietilini, dawa huhitaji siku kadhaa kupanda tena juu ya uzi. Unene wa uzi hupimwa kwa denieri. Ukipewa 75 na 100 za poliesta, chukua 100.

PermaNet 3.0 ina mpangilio wake: PBO iko kwenye paa tu, si kwenye kuta. Si ubahili. Joto na harufu ya aliyelala hupanda juu, na mbu huifuata harufu hiyo hadi kwenye paa, anagonga, anateleza, anarudi tena palepale. Sehemu kubwa ya mguso wake na chandarua hutokea hapo. Kutokana na hilo pia, ukiwa na sindano moja na jioni moja ya kushona, anza na matundu ya paa kabla ya yale ya pembeni karibu na godoro.

Kujua kama chandarua bado kinafaa, tumia mwili wako kama rula. Kitundike, hesabu matundu kwa ukubwa, kisha zidisha:

- halipiti kidole gumba (chini ya sentimita 2): mara 1
- linapita kidole gumba lakini si ngumi (sentimita 2 hadi 10): mara 23
- linapita ngumi lakini si kichwa: mara 196
- linapita kichwa: mara 576

Jumla ikiwa 64 au chini, chandarua ni kizuri. Hadi 642, kimeharibika lakini kinatumika, kishonwe. Kuanzia 643 kimechanika mno. Mfano: matundu madogo 5, ya ukubwa wa kati 2 na moja la ngumi ni 5 + 46 + 196, jumla 247. Kishone leo, hasa lile la ngumi, na kitashuka hadi 51. Lakini chandarua chenye tundu moja la kichwa na moja la ngumi kimefika 772, na hakuna dawa ya kuziba pengo hilo. Mipaka hii iliwekwa kwa ajili ya hesabu za programu za kudhibiti malaria. Kwenye eneo la mbu sugu, sisi tungeshona kuanzia tundu la kwanza la kidole.

Yanayochana vyandarua yanajulikana: misumari na vibanzi vya kitanda, kuchomekea kwa nguvu kila usiku mahali palepale, watoto kuning'inia, panya wanaofuata makombo, na moto wa kibatari. Funga kona za kitanda kwa kitambaa. Mchana kinyanyue na kukifunga fundo juu.

Kufua na kuanza kutumia

Kipya kikitoka kwenye pakiti, kitundike kivulini saa 24 kabla ya kulalia, la sivyo uso na mikono inaweza kuwasha. Kufua kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, bila kusugua kwenye jiwe, bila kuloweka usiku kucha, bila dawa ya kung'arisha nguo. Anika kivulini, jua linaua dawa. Kisizidi mara 4 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: ufuaji 20 ukigawanywa kwa miaka 3 ni karibu mara 7 kwa mwaka, na anayefua kila wiki mbili anaimaliza idadi hiyo yote 20 ndani ya miezi kumi. Kwa PBO ni hasara zaidi, maana ndiyo inayotangulia kutoka. Maji ya kufulia usiyamwage mtoni au kwenye bwawa la samaki. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki.

Uchaguzi kulingana na hali yako

Una mjamzito au mtoto chini ya miaka 5 na unaweza kununua kimoja tu cha klorfenapiri: hicho kiende kwenye kitanda chao. Umepewa cha PBO kwenye ugawaji: kitumie bila wasiwasi, ukitunze zaidi mwaka wa kwanza, na usisubiri ugawaji ujao ukikuta matundu. Una cha pairethroidi pekee kilicho kizima na jirani anakushauri ukitupe: usikitupe mpaka kingine kiwe kimeshatundikwa. Kitambaa kizima kisichochanika bado kinamzuia mbu, ilimradi mkono au goti lisigusane nacho usiku, kwa sababu mbu sugu humuuma mtu kupitia vitundu vya kitambaa. Kwa kitanda chembamba cha watu wawili, kikubwa kinachoning'inia mbali na mwili ni bora kuliko kidogo kilichobana, hata kama dawa ni ileile.

Anayenunua kwa wilaya ahesabu chandarua kimoja kwa kila watu 1.8, kipimo kinachotumika kwenye kampeni kwa sababu kaya za watu wasiogawanyika kwa mbili zipo nyingi. Bajeti isipotosha klorfenapiri kwa wote, usigawe aina mbalimbali nyumba kwa nyumba. Gawa kwa kata nzima: kata zenye maambukizi makubwa na usugu uliothibitika zipate klorfenapiri, nyingine PBO. Hapo utaweza kufuatilia matokeo na kujua kipi kimefanya kazi wapi. Mzigo ukifika, fungua marobota machache kutoka pembe tofauti za ghala, usome lebo kwenye pindo la chandarua chenyewe na si kwenye karatasi ya nje ya robota, kisha uandike namba ya toleo la kila kundi dhidi ya kata lilikopelekwa. Malalamiko yakija baada ya miezi 18, namba hiyo ndiyo itakayokuambia ni chandarua gani kilikuwa juu ya kitanda kile.